Jamusi wa Ami Seif

Juzi niliisahau sufuria ya asali ya tende juu ya moto. Nilitaka kuipasha kidogo tu, simu ikalia, nikenda zangu barazani. Asali ya tende ikiungua hainuki kama sukari. Harufu yake nzito, ina utamu na uchungu pamoja, inaingia kwenye mapazia na kwenye nywele na haitoki kwa udi wa aina yoyote. Wanangu walikimbia kufungua madirisha huku wakipiga kelele. Mimi nilibaki na mwiko mkononi, kwa sababu sikuwa tena Maskat. Nilikuwa Ibra, mtoto wa skuli mwenye meno ya mbele yaliyong'oka, nimesimama uani kwa Bibi, na ndani ya harufu ile naisikia bakora inavyolia.

Nyumba yetu ilikuwa ya Kiswahili katikati ya Waarabu. Bibi alizaliwa Unguja, na alipokuja Oman watu walisema "amerudi", ingawa hakuwahi kuikanyaga kabla ya siku ile. Alikuja na kinu na mchi wake, na mbuzi ya kukunia nazi katika nchi isiyokuwa na nazi, na shikamoo. Asubuhi ukipita mbele yake bila ya shikamoo, chai huipati. Baba yangu alifanya kazi Maskat, akija Alhamisi na kuondoka Ijumaa jioni, kwa hiyo mwanamume wa nyumba alikuwa mdogo wake, Ami Seif.

Nataka nimseme kwa haki Ami Seif. Alikuwa mzuri wa sura na mcheshi kupita kiasi. Aliweza kukuigizia kikohozi cha kila jirani mpaka ukajua ni nani anayepita nje. Alitupakia watoto nyuma ya gari na kutupeleka kwenye mchanga wa Mintirib, akipanda vilima kwa kasi na sisi tukilia kwa furaha. Lakini hasira zake zilikuwa kama wadi, mto wa bondeni. Wadi unauona mkavu mwaka mzima, watu wanapita, mbuzi wanalala humo, kisha siku moja maji yanashuka kutoka milimani na kuchukua gari na aliyekuwamo. Baada ya hapo unakauka tena, na Ami anakuletea peremende.

Mkewe alikuwa Bi Nasra, msichana wa Jalan Bani Bu Ali. Kwao hawajui hata neno moja la Kiswahili. Chake alikiokota jikoni kwa Bibi, akakiokota kwa haraka bila ya kukipanga, na sisi watoto tulimcheka kisha tukaanza kusema kama yeye. Alikuwa mtu wa kuanguka sana. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Bi Nasra ameanguka bafuni, Bi Nasra ameteleza ngazini. Mara moja alianguka vibaya akalazwa hospitali, na aliporudi tumbo lake lililokuwa limeanza kutokeza halikuwapo tena. Bibi alinunua mkeka wa mpira akautandika bafuni. Alipoanguka tena akanunua wa pili. Mimi katika sala zangu nilimwomba Mungu ampe Bi Nasra miguu madhubuti.

Sasa, huyo jamusi. Ami Seif alikaribishwa chakula kwa mfanyabiashara mmoja wa Sur, akatiliwa samli ya jamusi juu ya wali, na tangu siku ile hakusema lingine. Samli ya ng'ombe wetu ikawa maji. Samli ya mbuzi ikawa aibu. Akaagiza jamusi kwa yule yule mfanyabiashara, na baada ya muda akaletwa kwa lori, ametoka ng'ambo kwa meli: nyati wa kufugwa, mweusi kama sufuria ya pilau, pembe zimejikunja nyuma kama masharubu ya mzee, na tumboni ana ndama. Sisi tulipanda juu ya paa kumtazama. Alipofunguliwa hakungoja mlango wa lori ushushwe, aliuvunja. Mbao ziliruka. Ami alishika kamba na jamusi akamburuta uani kwa kifua, kanzu ikachanika kuanzia shingoni mpaka kiunoni, na Bibi kibarazani akasema, "Karibu mgeni."

Ami aliinuka akacheka. Akaifunga kamba kwenye mtende, akaingia ndani, akatoka na bakora, akampiga mpaka mkono ukamchoka. Jamusi alikuwa akimtazama tu. Nilikuwa sijapata kuona mnyama anayetazama vile, kama mtu anayesikiliza habari asiyoiamini.

Kitu ambacho hakuna aliyemwambia Ami ni kwamba jamusi bila ya maji ya kulalia hapati raha. Joto la Ibra unalijua, jiwe linapasuka. Asubuhi moja alikata kamba, akashuka moja kwa moja kwenye falaji, ule mfereji unaogawa maji ya mashamba yote, akajilaza humo. Alienea ukingo kwa ukingo kama kizibo. Maji yalifurika njiani, na mashamba ya chini yakakauka saa ile ile. Zamu ya maji ilikuwa ya watu wengine, na zamu ya falaji kwetu ni kitu cha kugombana hata baina ya ndugu. Wanaume wakaja na majembe na kelele. Ami akaingia majini na bakora yake ya khaizarani, akapiga, akapiga, mpaka ikapasuka nyuzi nyuzi kama ufagio. Jamusi akafumba macho. Ami akampiga teke la pua. Hapo jamusi aliinua kichwa mara moja tu, bila ya haraka, na Ami akaruka juu akaangukia matopeni, miguu hewani, kilemba kikachukuliwa na maji.

Watu walicheka. Mji mzima ulicheka, na mimi nilicheka zaidi ya wote. Kilemba kilikwenda mpaka shamba la tatu, na watoto wakakikimbilia.

Magharibi ya siku ile Bi Nasra aliteleza jikoni akavunjika kidole. Mimi sikuyaunganisha mambo haya mawili. Nani angeniunganishia? Watu wazima wote walikuwa wameshikana kuyatenga.

Bibi ndiye aliyeanza kumlisha jamusi vizuri. Baba yake alifuga ng'ombe shamba, huko Unguja, na alikuwa na kauli zake. "Mimba ikiwa changa, ng'ombe anakula majani yake na yanamtosha," alinambia huku akitwanga. "Ikipevuka, ndama amejaa tumbo zima, pa kutia majani hapana. Anakula kidogo, na mwenziwe ndani anataka kingi. Basi hicho kidogo kiwe kizito." Tukachemsha tende zile ngumu zisizoliwa, tukaziponda, tukachanganya na pumba za ngano. Siku za mwanzo kiganja kimoja, kisha viwili. "Ukimshindilia kwa siku moja tumbo litamchachuka, utamuua kwa wema," Bibi alisema.

Mlishaji alikuwa Bi Nasra. Mimi sikuthubutu kusogea, lakini yeye alikwenda mbele ya pembe zile na kidole chake kilichofungwa kitambaa, akainua beseni, na jamusi akala huku akipumua kwa nguvu mpaka pumba zikampaka Bi Nasra usoni. Alikuwa akimsemesha kwa Kiarabu cha kwao, polepole. Nilimuuliza kama haogopi. Akanijibu, "Hii yeye nguvu kubwa, lakini yeye hapana piga bila sababu."

Ami alipojua, alikataza. Alikuwa amesikia mahali kwamba mnyama akinenepa ndama hukwama. Bibi akamwambia, "Seif, huyu mbavu zake nazihesabu kutoka hapa nilipokaa." Ami akajibu kwamba jamusi ni wake na akili ni yake, na mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Akaifunga ghala ya tende, ufunguo akautia mfukoni. Tangu hapo jamusi akawa anapewa majani makavu tu, na mabichi kidogo yakibaki ya mbuzi. Bi Nasra alikuwa akimpelekea maganda na ukoko wa wali aliouficha chini ya mtandio, lakini ukoko hauwezi kumjenga mnyama mkubwa vile. Jamusi akapungua mabega huku tumbo likizidi. Hata hasira zilimtoka. Alipopigwa hakutazama tena.

Alizaa siku ya Ijumaa, asubuhi, na wiki ile Baba hakuja. Mama yangu alitaka kunifungia ndani, lakini nilipenya nikakaa nyuma ya pipa la maji. Niliona miguu ya ndama ikitokeza, kisha hakuna kilichoendelea. Jamusi hakuwa na nguvu ya kusukuma. Ami akafunga kamba kwenye ile miguu, akavuta, akaweka kisigino kwenye ukuta wa zizi, akavuta huku akitukana. Jamusi alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mnyama mwingine, wala kwa mtu mpaka siku nilipojifungua mwenyewe. Damu ilitiririka mpaka kwenye mfereji mdogo wa maji. Ndama akatoka kwa ghafla, jike, hai, akaanguka mchangani kama nguo iliyorowa. Ami alipiga takbiri, akanawa, akavaa kanzu safi, akaenda kusali Ijumaa.

Jamusi hakuinuka. Alilala na shingo imepinda ubavuni, masikio yamekuwa baridi, pua kavu. Ndama alijikokota kutafuta ziwa. Bibi akashika masikio yale, akasema "Lo," polepole, kisha akamwambia mama avunje kufuli ya ghala kwa jiwe. Mama aliivunja. Ndipo uani kukajaa harufu ile, maana Bibi aliteleka sufuria kubwa ya asali ya tende kwa moto wa haraka na chini ikaungua. Alikiburura kinu chake mpaka mlangoni mwa zizi, akatwanga tende humo humo ili asimwache mnyama. Bi Nasra alikaa mchangani, kichwa cha jamusi kimemlalia mapajani, akichovya mkono katika asali iliyozimuliwa kwa maji ya uvuguvugu na kumpaka ulimini. Hakummiminia, kwa sababu Bibi alisema asije akapaliwa. Mwanzo ulimi ulikuwa umelala tu. Kisha ukaanza kulamba.

Ami alirudi kutoka msikitini alasiri imekaribia, pamoja na watu wawili watatu aliowaalika waje waone ndama. Alikuta kufuli imevunjwa, na jamusi wake amelala katika mapaja ya mkewe.

"Muinueni," alisema.

"Hawezi, Seif," Bibi akamjibu bila ya kuacha kutwanga. "Hana kitu mwilini. Mwache tumlishe, na wewe ukatafute daktari."

"Anajidai huyo. Namjua."

Akachukua bakora. Pigo la kwanza lilimpata jamusi kwenye nyonga, la pili kwenye mbavu. Jamusi akajaribu. Hilo ndilo ninaloliona mpaka leo nikifumba macho: alijaribu. Alijisukuma kwa magoti ya mbele, miguu ya nyuma ikatetemeka, akaanguka kwa kishindo, nusura amlalie ndama wake. Ami akampiga usoni. Ngozi ya juu ya jicho ikapasuka. Wale wageni walitazama chini, mmoja akasema, "Msalie Mtume, Seif," kisha akarudi nyuma, kwa sababu kila mtu na mali yake.

Bi Nasra akamlalia jamusi shingoni, akamfunika kichwa kwa mtandio wake. "Hapana," alisema. "Khalas. Hapana tena. Hii mama."

Sikuwahi kumsikia Bi Nasra akisema hapana. Naona Ami pia hakuwahi. Alisimama kidogo, bakora juu, na nilidhani ataishusha. Aliishusha juu ya mkewe. Pigo lilimpata kwenye nyusi, damu ikaruka kwenye beseni la asali. Akampiga tena mgongoni. Alimpiga mbele ya mama yake, mbele ya wageni, mbele yangu, jua la mchana kweupe, na kwa mara ya kwanza nikaona kuanguka kwa Bi Nasra kunavyotokea.

Akainua mkono kwa pigo la tatu. Kinu kilinyamaza. Bibi alikuwa mwanamke mfupi, magoti yake yalimsumbua, akiinuka huita mtu amshike. Siku ile hakuita mtu. Aliinuka na mchi mikononi, akauzungusha kutoka begani kama mtu anayepasua kuni, akampiga mwanawe kwenye mkono wa bakora, chini ya kiwiko. Mfupa ulilia. Ulilia kama tawi kavu la mtende, na bakora ikaanguka.

Ami Seif alipiga magoti. Uso wake ulikuwa mweupe. "Mama!" alisema. Hakulia kwa hasira. Alisema kama mtoto aliyechomwa na kitu asichokijua. "Mama, ni mimi."

"Najua ni wewe," Bibi akasema.

Akautupa mchi. Akamwendea Bi Nasra, akapiga naye magoti mchangani, akamfuta damu kwa ncha ya kanga yake, na akasema neno moja: "Nimechelewa." Msikitini walikuwa wanaadhini alasiri, na mimi nyuma ya pipa nikadhani anasema habari ya sala.

Mmoja wa wageni alimpakia Ami garini akampeleka hospitali, na mwengine akaenda kumleta daktari wa wanyama. Alikuja Msudani mrefu, mpole, aliyemwamkia Bibi kwanza kabla ya kumtazama mgonjwa. Alimtia jamusi chupa ya kalsiamu kwenye mshipa wa shingo, polepole, huku akiusikiliza moyo, kisha chupa ya maji ya sukari. Aliona alama za bakora, akaona na nyusi ya Bi Nasra. Alisema tu kwa Kiarabu, "Huyu hakuwa mkaidi. Alikuwa na njaa, na maziwa yamemnyonya kilichobaki." Akatuagiza tuendelee na tende na pumba, kidogo mara nyingi, mpaka arudishe hamu ya majani. Jua lilipokuwa linazama jamusi alijikunja, akakohoa, akainua makalio kwanza kama wafanyavyo ng'ombe, akasimama. Alikuwa anayumba. Bi Nasra alisimama naye, ameegemea bega lake, na ndama akaingia chini akanyonya.

Kesho yake kaka zake Bi Nasra walikuja kutoka Jalan. Bibi ndiye aliyewaita. Walikuja na nyuso za vita, na Bibi akawakalisha, akawapa kahawa na halua, akawaambia yote, pamoja na yale ya tumbo na hospitali na mikeka ya mpira. Aliyasema mwenyewe, mbele ya watu, juu ya mwanawe. Ami alitoa talaka mkono ukiwa kwenye plasta. Na Bi Nasra alipoondoka, jamusi na ndama waliondoka naye, kwa amri ya Bibi, na hakuna aliyembishia.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonisumbua mimi mtoto. Ami alikuwa amevunjika mkono wa kulia, na kwetu mtu hali kwa kushoto. Bibi akamlisha. Kila siku alikaa mbele yake na sahani, akafinyanga tonge kwa mikono ile ile iliyouzungusha mchi, akamtia mdomoni. Siku za mwanzo Ami aligeuza uso.

"Umenivunja, mama."

"Nimekuvunja. Kula."

Akala huku machozi yakimshuka mpaka kwenye wali. Mimi nilikasirika. Nilidhani Bibi amejuta, amemsamehe, mambo yamekwisha. Nilimuuliza mama, mama akaniambia ninyamaze.

Ami hakuoa tena. Alikuwa mtu mkimya baadaye, mkono wake haukunyooka sawasawa, na vikohozi vya majirani hakuviigiza tena. Alimuuguza Bibi mpaka alipofariki. Sijui kama alibadilika moyo au alivunjika tu. Pengine hata yeye hakujua.

Bi Nasra nilimtembelea nilipokuwa mwanamke mzima, Jalan, kwenye shamba la mitende la kaka zake. Nyusi moja ina mstari usioota nywele. Jamusi alikuwa amekwishakufa kwa uzee, lakini aliishi miaka yake mingi akilala kwenye birika walilomchimbia. Kiswahili cha Bi Nasra hakikuongezeka wala hakikupungua. "Wanaume wote iliniambia subiri," alisema. "Mama yangu mimi mwenyewe iliniambia subiri. Bibi yako tu iliniambia samahani."

Nilipopata mwanangu wa kiume mama akanisimulia ya zamani, ndipo nilipojua Bibi alichelewa wapi. Babu, ambaye mimi sikumkuta, alikuwa na bakora yake nyuma ya mlango. Seif mdogo alipigwa nayo, kisha akamwona na mama yake akipigwa nayo, na Bibi akasubiri, kwa sababu na yeye aliambiwa asubiri. Akaona mwanawe anaanza kwa kuwapiga mbuzi, akasema ni utoto. Aliposikia sauti ya Bi Nasra ukutani, akanunua mkeka. Miaka yote ile alikuwa akitulea sisi wajukuu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote. Lakini wa kwake alimwacha mpaka akakauka, na kilichokauka hakikunjiki. Siku ile uani hakuwa na njia nyingine iliyobaki. Kwa hiyo alimvunja, kisha akakaa naye, na kwa kuwa yeye ndiye aliyemvunja, akamlisha.